Skrini, Mlango na Mkwe: Uchambuzi wa Kisa cha Onyesho la Filamu Kisumu

Kisa hiki kimetungwa kwa ajili ya mafunzo ya vikundi vya filamu. Hakuna mtu wala kikundi halisi kinachosemwa humu, lakini mazingira yake ni ya kawaida kwa yeyote anayeonyesha filamu Kisumu, Kakamega au Nakuru kwa projekta ya kuazima na viti vya plastiki.

Kilichotokea

Kikundi cha wapenda filamu kilikodi chumba cha mikutano, ghorofa ya pili, karibu na Barabara ya Oginga Odinga mjini Kisumu. Bango lilisambazwa kwa WhatsApp: siku, saa kumi na mbili na nusu jioni, kiingilio shilingi 200, na chini kabisa kwa herufi ndogo, "Filamu ya majaribio. Maudhui ya watu wazima." Filamu yenyewe ni ya dakika 64, haina mazungumzo wala hadithi. Kuna mwili wa mwanamke na wa mwanamume, mikono, maji, ukuta wa chumba. Picha zimekwaruzwa na kupakwa rangi, nyingine zinarudiwa tena na tena. Kuanzia dakika ya 38 hadi ya 47 wawili hao wanafanya ngono isiyoigizwa. Kamera imesimama mahali pamoja, na picha haikatwi hata mara moja.

Mtazamaji wetu ni mwalimu wa Kiswahili na Fasihi katika shule ya upili, ana miaka 34, ameolewa. Alikwenda kwa hiari yake, naye si mtu wa kukimbia kazi nzito; darasani hufundisha tamthilia na riwaya zenye mauaji, ulevi na ndoa zilizovunjika. Aliketi safu ya pili, katikati. Nyuma yake alikaa kijana wa miaka 19 aliyekuwa mwanafunzi wake. Filamu ilipofika dakika ya kumi hivi akaingia mdogo wa baba mkwe wa mwalimu, mzee mpenda filamu za zamani, akapata nafasi viti viwili tu kutoka kwake. Wakasalimiana kwa kutikisa kichwa.

Projekta ilikuwa juu ya meza, katikati ya njia. Mlango ulikuwa mmoja tu, kando ya skrini. Kwa sababu ya joto madirisha yalikuwa wazi. Dakika tisa zile zilipoanza, mwalimu aliinamia simu yake, kisha akafumba macho, lakini sauti za pumzi ziliendelea kutoka kwenye spika mbili za mbele. Dakika ya 43 akaamua kutoka. Alipita mbele ya magoti ya watu watano, akafika kwenye mwali wa projekta, na kivuli chake kikajaa kwenye skrini juu ya miili ile. Mtu mmoja akacheka, wengine wakafuata. Mwalimu akarudi kuketi.

Filamu ilipoisha taa ziliwashwa papo hapo. Mwendesha mjadala akauliza, "Haya, nani amekwazika?" Kisha akamgeukia: "Mwalimu, tumekuona ukitaka kutoka. Tuambie." Mwalimu akasema hakujua angeona jambo lile, na kwamba hajui kama yule mwanamke kwenye filamu alikubali kuonyeshwa hivyo. Akajibiwa kuwa sanaa ya kweli lazima imtikise mtu, na kwamba sisi tumelelewa tuogope miili yetu wenyewe. Mzee alikuwa ameshaondoka bila kuaga.

Saa tano usiku mwalimu aliandika kwenye kundi la WhatsApp: "Siwalaumu. Ila nimetoka pale kama mtu aliyevuliwa nguo mbele ya watu. Naomba mniondoe." Kufikia asubuhi wanachama walikuwa wamegawanyika. Kuna waliotaka filamu za aina hiyo zisionyeshwe tena, na kuna waliosema mwalimu hajazoea sanaa.

Mwalimu alisema nini hasa

Pande zote mbili zilibishana kuhusu iwapo filamu ni nzuri au mbaya. Mwalimu hakusema lolote kuhusu hilo. Alisema mambo matatu: hakuambiwa, hana hakika kuhusu ridhaa ya mwigizaji, na alijiona amevuliwa nguo mbele ya watu. Kila moja lina chanzo chake na dawa yake, na anayeyachanganya hataponya hata moja.

Tuanze na hilo la mwisho, maana ndilo lililomfanya ajitoe. Kuna kipimo rahisi cha kulichunguza. Je, angeumia kiasi hicho kama angeitazama filamu ileile peke yake nyumbani, akiwa na uwezo wa kuisimamisha? Huenda asingeipenda. Huenda angeizima. Lakini hakuna sababu ya kudhani angejiona uchi. Aibu yake ilitokana na walioketi karibu naye.

Hapa ndipo waandaaji wengi wa mijini hupotea, hasa waliojifunza utazamaji wa filamu kutoka kwenye vitabu vya nchi nyingine, ambako anayeketi kando yako ukumbini ni mgeni usiyemjua. Kisumu si mji wa namna hiyo. Ukumbi wa watu arobaini una walimu na wanafunzi wao, waumini wa kanisa moja, mashemeji, watu wa kijiji kimoja cha Siaya au Vihiga. Kati ya Waluo na Waluhya wengi, heshima ya ukwe ina mipaka inayofahamika na kila mtu: mama mkwe hawezi kulala katika nyumba ya binti yake aliyeolewa, na mambo ya chumbani hayatajwi mkaza mwana akiwepo pamoja na wazee wa upande wa mumewe. Mwalimu anamwita mzee yule baba. Kwa dakika tisa baba na mkaza mwana walikaa wakitazama ngono pamoja, kila mmoja akijua mwenzake anatazama, na hakuna aliyekuwa na njia ya kumwondolea mwenzake mzigo huo.

Na mzee je? Kundi zima lilimjadili mwalimu kwa siku mbili. Hakuna aliyeona kwamba mzee naye alikuwa mtazamaji aliyeumia. Kuondoka kwake bila kuaga kulikuwa namna ya pekee iliyobaki ya kumhifadhi mkaza mwana wake. Ukichambua kisa kama hiki, hesabu pia walionyamaza.

Kijana wa miaka 19 ni mtu mzima kisheria, na yeye hakulalamika. Hata hivyo kwa mwalimu uwepo wake ulikuwa tishio la aina nyingine. Mamlaka ya mwalimu darasani hayawekwi kando kwa sababu ya kiingilio cha shilingi 200, na mwalimu alijua kwamba hadithi ya kivuli kile kwenye skrini inaweza kufika shuleni kabla yake.

Kwa nini filamu ya majaribio huuma zaidi

Watu waliouliza "mbona sinema za kawaida zina mapenzi na hamlalamiki" walistahili jibu la kiufundi, na hawakupewa.

Katika filamu yenye hadithi, tukio la mapenzi huwa na kazi: wawili wamepatana, au mmoja anasaliti. Mhariri hukata kila baada ya sekunde chache, muziki huelekeza hisia, na akili ya mtazamaji inashughulika na swali la nini kitafuata. Filamu ya majaribio huondoa vyote hivyo makusudi. Hakuna hadithi ya kujificha ndani yake. Kamera isiyosogea haikuchagulii pa kutazama, kwa hiyo unajichagulia mwenyewe, na unajua kwamba unajichagulia. Kadiri dakika zinavyopita, unaacha kuwatazama wale wawili, unaanza kujitazama wewe unayetazama. Waongozaji wengi wa aina hii hulitaka hilo hasa, na ni lengo halali la sanaa. Lakini linamdai mtazamaji zaidi kuliko sinema ya kawaida, kwa hiyo linahitaji akubali kwa kujua zaidi.

Urefu una maana. Kwa maoni yetu, tukio la dakika tisa la namna hii hufanya kazi yake katika dakika tatu au nne za kwanza: mshtuko unapungua, jicho linaanza kuona ngozi kama umbo na mwanga. Baada ya hapo mara nyingi linabaki kuwa jaribio la uvumilivu. Mwalimu alikuwa na haki ya kusema hivyo kama hoja ya kisanaa, na angesikilizwa kama angeulizwa vizuri.

Sauti huwa inasahauliwa. Macho yana kope, masikio hayana. Mtu aliyefumba macho bado yumo ndani ya tukio, pengine zaidi, kwa kuwa akili inajaza picha yenyewe. Spika zikiwa mbele na chumba kikiwa na kuta tupu za saruji, sauti ya pumzi hurudi kutoka pande zote. Kupunguza sauti hadi kiwango cha mazungumzo ya kawaida hakuharibu filamu isiyo na maneno, na humpa aliyefumba macho mahali pa kupumzika.

Kuna jambo jingine ambalo mwendesha mjadala lazima alijue hata kama hatalitamka. Mwili wa mtu unaweza kuitikia picha ya ngono bila yeye kupenda anachokiona na bila yeye kutaka. Ni mwitikio wa neva, kama jasho wakati wa hofu, na utafiti umeonyesha kwamba hali ya mwili na kile mtu anachokitaka mara nyingi havilingani. Mtazamaji asiyejua hilo hutoka akijichukia, akidhani mwili wake umemsaliti au umesema ukweli aliouficha. Aliyewahi kudhulumiwa kingono anaweza kuumia zaidi. Kwa sababu hiyo usimuulize mtu yeyote mbele ya watu filamu "ilimfanya ahisi nini mwilini", na usimuulize kwa nini alitoka.

Swali la ridhaa lilikuwa swali bora la jioni ile

Mwalimu aliuliza kama mwanamke yule alikubali. Alijibiwa kana kwamba ni mwoga. Kumbe aligusa jambo ambalo historia ya filamu inalijua vizuri.

Chukua mifano miwili. Kati ya mwaka 1964 na 1967 Carolee Schneemann wa Marekani alitengeneza filamu fupi iitwayo Fuses, inayomwonyesha yeye na mwenzi wake James Tenney wakifanya mapenzi. Alijirekodi mwenyewe, kisha akaikata filamu, akaichoma, akaipaka rangi. Anayeonekana ndiye mwenye kamera na ndiye mhariri; mtazamaji anaweza kuichukia kazi hiyo, lakini hana haja ya kumwonea shaka mtengenezaji kwa niaba ya mwigizaji. Upande wa pili kuna Last Tango in Paris ya mwaka 1972. Ngono yake ni ya kuigiza. Hata hivyo Maria Schneider, aliyekuwa na miaka 19 wakati wa kurekodi, alieleza mwaka 2007 kwamba alidhalilishwa na tukio ambalo halikuwa kwenye mswada aliokubali, na mwaka 2013 mwongozaji Bernardo Bertolucci alikiri kwamba alimficha sehemu yake makusudi ili apate mshtuko wa kweli. Kwa hiyo, ngono kuwa ya kweli au ya kuigiza hakukuambii kama mwigizaji aliridhia.

Mwandaaji ana njia za kutafuta jibu kabla ya kuchagua filamu, na kazi hiyo huchukua jioni moja. Soma orodha ya majina mwishoni mwa filamu: je, waigizaji wametajwa kwa majina yao na wanafahamika kuwa watu wazima? Je, ni miongoni mwa waandishi au watayarishaji? Kwa filamu za tangu 2018 hivi, tafuta kama kulikuwa na mratibu wa matukio ya faragha, mtu ambaye kazi yake ni kukubaliana na waigizaji mapema nini kitaguswa, nini kitaonekana na nani atakuwepo chumbani. Tafuta mahojiano ya waigizaji wenyewe. Maneno ya mwongozaji pekee hayatoshi. Angalia kama kuna aliyewahi kulalamika au kuomba sehemu yake iondolewe. Ukikosa majibu, chagua filamu nyingine. Umri wa mwigizaji ukitiliwa shaka yoyote, jambo hilo limekwisha: filamu haionyeshwi, haihifadhiwi, haitumwi kwa mtu.

Sheria

Kikundi kiliamini kwamba onyesho la "wanachama" halihitaji kibali. Lakini bango lilikuwa wazi na yeyote mwenye shilingi 200 angeingia. Hilo ni onyesho la hadhara, na Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza, Sura ya 222, inataka filamu iwe na cheti cha idhini cha Bodi ya Kuainisha Filamu Kenya kabla ya kuonyeshwa. Kifungu cha 181 cha Kanuni ya Adhabu nacho kinahusu uonyeshaji wa mambo machafu hadharani. Bodi si laini kuhusu ngono: mwaka 2014 ilipiga marufuku The Wolf of Wall Street, ambayo ilionyeshwa katika kumbi za nchi nyingi. Filamu yenye dakika tisa za ngono isiyoigizwa ina nafasi ndogo sana ya kupata idhini, na kikundi kinapaswa kujua hivyo kabla ya kulipia ukumbi. Ikikataliwa, haionyeshwi. Unaweza kufanya kikao cha kuijadili kwa maelezo ya maneno, au ukachagua kazi nyingine ya mwongozaji huyohuyo iliyopata idhini.

Hilo halina maana kwamba sanaa haina kinga. Kifungu cha 33 cha Katiba ya 2010 kinataja uhuru wa ubunifu wa kisanaa. Septemba 2018, Jaji Wilfrida Okwany wa Mahakama Kuu aliisimamisha kwa siku saba marufuku ya filamu ya Rafiki ya Wanuri Kahiu, ili watu wazima wanaotaka kuitazama waitazame. Filamu ile haina ngono ya wazi, na amri ilikuwa ya muda. Lakini maneno "wanaotaka" yana uzito kwa kisa chetu. Mtu hawezi kutaka asichoambiwa.

Tangazo linaloeleza

"Maudhui ya watu wazima" huandikwa kwa matusi, kwa damu, kwa ulevi, kwa busu. Mwalimu aliyasoma, akaja akitarajia busu na pengine uchi kidogo. Tangazo linalofaa hueleza kitu chenyewe, dakika zake, na namna ya kutoka. Kwa filamu ya kisa hiki, kama ingekuwa na cheti, lingeandikwa hivi:

"Dakika 64, haina mazungumzo. Kuna uchi wa mwanamke na mwanamume karibu mwanzo hadi mwisho. Dakika ya 38 hadi ya 47 inaonyesha ngono isiyoigizwa, kwa karibu na waziwazi, pamoja na sauti. Hakuna kipigo wala kulazimishwa. Dakika ya 12 hadi ya 14 kuna mwanga unaomweka haraka. Miaka 18 na zaidi; tunaangalia kitambulisho. Mlango uko nyuma yako, unaweza kutoka na kurudi bila kupita mbele ya mtu. Aliyetoka, akitaka, ataitwa dakika ya 47. Tafadhali fikiri unakuja na nani, na ungependa nani asiwe karibu nawe."

Sentensi ya mwisho ndiyo ingemwokoa mwalimu na mzee pamoja. Mwanga unaomweka hutajwa kwa sababu mmweko wa zaidi ya mara tatu kwa sekunde unaweza kumletea kifafa mtu mwenye hali hiyo, na filamu zilizokwaruzwa huwa nao sana.

Wapo wanaosema kueleza hivi kunaua mshtuko ambao mwongozaji aliutaka. Hatukubaliani nao. Filamu isiyo na hadithi haina siri ya kufichuliwa; kusoma "dakika tisa" na kukaa dakika tisa ni mambo mawili. Tony Conrad alitengeneza filamu ya majaribio ya mimweko mitupu mwaka 1966, The Flicker, na akaanza na onyo refu kwenye skrini kuhusu hatari ya kifafa. Onyo hilo limekuwa sehemu ya filamu yenyewe, na haikupungukiwa na nguvu yoyote.

Chumba

Geuza chumba. Hiyo ndiyo kazi ya kwanza na haigharimu kitu: skrini iwekwe ukuta wa mbali na mlango, ili anayetoka aende nyuma ya wenzake. Projekta nyingi za kuazima huhitaji umbali wa mita 1.5 hadi 2 kwa kila mita moja ya upana wa picha. Picha ya upana wa mita 2.5 basi inataka projekta iwe mita 3.75 hadi 5 kutoka kwenye skrini, na hapo ndipo inapoangukia katikati ya watu. Iinue. Rafu au stendi yenye kimo cha kuzidi mtu mzima aliyesimama, projekta ikainamishwa na picha ikanyooshwa kwa mpangilio wake wa pembe (keystone), hupitisha mwali juu ya vichwa. Kama haiwezi kuinuliwa, funga njia ya kati kwa viti na uache njia pembeni, upana wa mita moja kila upande. Kati ya mtu na njia pasiwe na zaidi ya watu watatu. Viti vya pembeni waachie wenye wasiwasi, na useme hivyo mlangoni kwa kila anayeingia, ili asiyekuwa na wasiwasi asivichukue na mwenye wasiwasi asijulikane.

Baada ya filamu kuanza, anayechelewa aketishwe nyuma tu. Mzee asingejikuta pale alipokuwa.

Madirisha yazibwe kwa kitambaa kizito, feni ziwashwe mapema, na mtu mmoja asimame kwenye ngazi wakati wa majaribio ya sauti asikie nini kinatoka nje. Simu zifungiwe mifukoni. Kipande kikirekodiwa na kutumwa, Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandao ya 2018, kifungu cha 37, inamhusu aliyekituma. Stima ikipotea katikati, laptopu huendelea kucheza kwa betri, na kama spika nazo ni za betri, sauti peke yake huendelea gizani. Kwa hiyo mtu akae kando ya laptopu, mkono tayari kuisimamisha, na taa ya betri iwe karibu. Stima ikirudi, uliza tena kama kuna anayetaka kutoka kabla ya kuendelea.

Mjadala, na siku zinazofuata

Taa ziwashwe polepole, kisha dakika kumi na tano za chai. Watu wanahitaji kurudi kwenye hali ya kawaida, na anayetaka kwenda apate nafasi ya kuondoka bila kuonekana anakimbia. Onyesho lianze mapema, hata saa tisa alasiri, ili matatu ya mwisho isiwe sababu ya kumbakisha mtu asiyetaka kubaki.

Swali la kwanza liwe la kueleza: umeona nini, umesikia nini, picha ilikatwa wapi. Mtu akieleza kwanza, hukumu yake baadaye huwa na mahali pa kusimama, iwe ya kusifu au ya kukataa. Asitajwe mtu kwa jina. Karatasi ndogo zigawiwe kwa wasiotaka kusema. Mtu akisema "sikupenda, na sitaki kuona tena", hayo ni maoni kamili. Mwendesha mjadala aulize wengine wanaonaje, asimsahihishe. Neno "umelelewa kuogopa" lisitumike kabisa, kwa sababu linahamisha mjadala kutoka kwa filamu na kumweka mtazamaji kizimbani.

Kwa mwalimu, kosa likishatendeka, hatua ni chache na zifanywe kabla ya siku mbili kupita. Aondolewe kwenye kundi kama alivyoomba, asibembelezwe. Mjadala kumhusu ufungwe na kiongozi. Mtu mmoja, ikiwezekana mwanamke mwenzake, amwandikie faraghani:

"Habari za asubuhi, Mwalimu. Bango letu halikukueleza kilichomo, mlango tuliuweka mahali pabaya, na hatukupaswa kukutaja mbele ya watu. Tunaomba radhi. Swali lako kuhusu ridhaa ya mwigizaji halikujibiwa, nasi tunalifuatilia. Kiingilio tumekirudisha. Huna haja ya kujibu."

Asielezwe umuhimu wa sanaa. Asiombwe arudi. Mzee naye aombwe radhi na mwanamume wa rika linalokaribiana na lake, kwa simu au ana kwa ana, bila kumtaja mkaza mwana wake hata kidogo. Kumtuma mwalimu apeleke radhi hizo kungewarudisha wote wawili pale walipokuwa.

Mtazamaji mwenyewe anaweza kurudiwa na picha hizo kwa siku chache, hasa usiku. Kwa wengi hufifia zenyewe. Husaidia kumweleza mtu mmoja unayemwamini, asiye wa ukoo uliokuwepo ukumbini, na kutoitafuta filamu tena kwenye simu ili "kuimaliza". Zikizidi wiki mbili, zikivunja usingizi, au zikifufua jambo la zamani la kudhulumiwa, hapo si suala la filamu tena. Namba 1195 ya msaada dhidi ya ukatili wa kijinsia haina malipo na hupokelewa mchana na usiku.